Niliagiza baba nikajaziwa mtoto: duka la muvi upande wa Kilombero, Arusha

Jina la duka silitaji, machalii wa pale sina ugomvi nao na wiki ijayo narudi kwao tena. Ni vile vichumba vya kujazia flashi, kompyuta moja, spika mbili zinapiga singeli tangu asubuhi, ukutani karatasi ya bei: muvi moja mia tano, sizoni nzima elfu mbili, na flashi yako ikiwa na virusi wanaisafisha bure. Kwenye bei sina neno kabisa. Tatizo lilikuwa oda yangu.

Iko hivi. Babu yangu anakaa kule njia ya Momella, na wazungu walipokuja kupiga ile muvi ya Hatari!, mwishoni mwa 1960 kuingia 61, yeye alikuwa dogo wa kuchunga mbuzi, kwa hiyo kwake John Wayne sio muigizaji, ni mtu aliyewahi kupita kijijini kwao. Muvi zake kaziona karibu zote. Sasa juzi tunaangalia The Searchers, ya 1956, mwisho kabisa Wayne kabaki mlangoni peke yake, mkono wa kushoto kaukamata wa kulia pale kwenye kiwiko, afu anageuka anaondoka zake. Babu akauliza, huyu anaumwa mkono?

Nikagugo. Kumbe ule mkao sio wake, ni wa Harry Carey, steringi wa muvi za kikauboi toka enzi muvi hazina sauti, Wayne alikua anamuiga yeye. Carey alishafariki 1947. Na yule mama aliyeingia ndani muda mfupi tu kabla, kwenye sini hiyohiyo, ni Olive Carey, mjane wake kabisa! Yani jamaa anamkumbuka marehemu mbele ya mke wake na sisi huku tunadhani ana maumivu. Babu akanyamaza kidogo, akasema nitafutie huyo mtu.

Basi nikaenda dukani, nikaandika kwenye karatasi HARRY CAREY, nikalipia muvi nne, kesho yake nikachukua flashi, nikapanda Hiace ya Usa River moyo mweupe. Tunawasha, babu anasema huyu mbona kijana, na mbona kuna rangi? Walikua wamenijazia Harry Carey Junior, mtoto wake, naye muigizaji. Zote nne! Ila kwenye hizo nne moja ikatuokoa, 3 Godfathers ya 1948, mwanzoni tu kuna mpanda farasi juu ya kilima na maandishi kwamba muvi imetolewa kwa kumbukumbu ya Harry Carey mzee. Mwongozaji ni John Ford, ambaye ndio alianza na Carey hukohuko nyuma, kati ya 1917 na 1921 walipiga pamoja muvi kama 25 na nyingi zimepotea kabisa, hazipo popote. Kwa hiyo kosa la duka likatuletea tanzia tuliyokuwa hatuijui. Ila bado ni kosa, mteja kalipia baba.

Narudi, chalii wa kompyuta ananiambia "bro si ungeandika mzee". Sawa. Akaahidi kunishushia Straight Shooting ya 1917 bila kuongeza hela, hapo nikampa heshima yake. Jioni ananipigia, "bro hili faili bovu, nimelishusha mara tatu halina sauti". Nikacheka mpaka konda akanigeukia. Nikamwambia aisee, muvi ya 1917 haina sauti, watu walikua wanasoma maandishi kwenye pazia. Akasema poa, nimeelewa.

Hakuelewa. Au alielewa kivyake, maana aliona aibu kumpa mteja muvi bubu, akaibandikia kwaya toka mwanzo mpaka mwisho!

Stori yenyewe, wafugaji wakubwa wanataka kuwafukuza wakulima wadogo, wanawazibia maji, Carey ni Cheyenne Harry, mtu wa bunduki aliyekodiwa kwenda kuwamaliza hao wakulima. Anafika anakuta wanazika kijana wao, wanalia, na yeye anasimama tu pale, uso unabadilika taratibu, mkono unaenda machoni, basi kazi imemshinda, anahamia upande wao. Na hapo kwaya ikawa imefika kwenye lile beti la pole pole la kina mama. Nawaambia hata angelipwa mtu asingeipanga vile. Babu akasema, wafugaji na wakulima na maji, hii si kesi ya hapa hapa. Afu dakika chache mbele risasi zinarindima na kwaya imechangamka na vigelegele, tukaharibikiwa.

Kilichomvutia babu ni kwamba jamaa hana mbwembwe. Sio wale makauboi wa baadae wa mashati yenye urembo, huyu kavaa kama mtu aliyetoka shamba, mfupi wa maneno hata kwenye muvi isiyo na maneno. Na wala hakuzaliwa kauboi, ni mtoto wa jaji, kazaliwa 1878 Bronx, New York, kasoma sheria, akaugua nimonia, kitandani akaandika mchezo wa jukwaani wa kikauboi, akazunguka nao miaka akiingia na farasi mzima jukwaani. Na huku kwetu Afrika Mashariki alifika, 1929, kupiga Trader Horn, wakaenda mpaka maporomoko ya Murchison Uganda (hiyo sijamuonyesha babu, jinsi walivyowaonyesha Waafrika mle ataizima dakika ya tano). Uzeeni, 1939, akaigiza mwenyekiti wa Seneti, karibu hana maneno, na akapendekezwa Oscar.

Tukirudi kwenye duka, nawapa nyota tatu na nusu. Bei nzuri, hawana kiburi, wakikosea wanarudia bila kelele. Nusu nyota imekatwa kwa kutofungua faili kabla ya kumpa mtu, na nyingine nzima ni ya kwaya. Ukienda andika jina, mwaka, na kama ni mzee au mtoto, na usiwaachie flashi yenye picha zako za familia, yangu waliifyeka yote wakati wa kusafisha virusi.

Jana nimeagiza Hell Bent, ya 1918, Carey na Ford tena. Nikamwambia chalii safari hii sitaki kwaya. Akaniangalia, akauliza, "na singeli je?"