TAHADHARI: Laptopu niliyoipima siyo niliyopewa

Jamani, kabla hamjanicheka, someni kwanza. Ndiyo, mimi. Mimi huyu huyu niliyekuwa nawasomesha habari za kadi za michoro nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, mchana kweupe, katikati ya Kampala, na pesa nimetuma kwa kidole changu mwenyewe.

Laptopu yangu ya zamani ilikufa, kazi ya harusi ya mteja ikabaki nusu, mnajua, sirudii.

Nilitoka nyumbani na karatasi. Majina matatu: Lenovo Legion 5, ASUS TUF A15, Acer Nitro 5, zote ziwe na kadi ya michoro ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 6, maana Blender, ile programu ya kuchora picha za 3D, na GB 4 tumeshaumizana vya kutosha. Ni laptopu za gemu, sawa, lakini zile zinazoitwa za wabunifu bei yake ni ya kiwanja. Na hata hiyo 3060 nilijua siyo zote moja: kuna zilizobanwa umeme kwenye wati 60 na kuna zinazofika 115, jina lile lile. Mnaona nilivyojiandaa?

Nitro na TUF zilizokuwa pale mezani zilikuwa zimepauka, nyekundu inaonekana kama tope la Bwaise. Legion ikasimama. Mtu anayepeleka mabango kuchapishwa Nasser Road kila wiki, rangi ndiyo unga wake. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa moja na nusu. Nikafungua Task Manager, pale Windows inapoonyesha vifaa vya ndani, 3060 hiyo hapo. Nikachomeka flashi yangu, nikarenda (yaani kompyuta ikokotoe picha kamili) picha yangu mwenyewe, nikasikiliza feni, nikashika chini nione joto. Nikapiga na picha ya stika ya chini. Hiyo picha ndiyo inayoniliza sasa.

Na yule kijana, Kiswahili chake! Laini, cha kwetu kabisa. "Dada yangu, kaa, usiharakishe." Akaninunulia soda. Mama akapiga simu, yeye akaomba amwamkie, "Shikamoo mama!" Mama akafurahi. Nyie mnajua mjini hapa ukifungua mdomo kwa Kiganda cha kubabaisha bei inapanda papo hapo. Halafu umpate mtu anayekuita dada. Nililegea, nakiri.

Alitaka shilingi 3,600,000, tukashushana mpaka 3,450,000. Mvua ikaanza. Akasema, "Dada, ngoja nikufungie kwenye boksi lake isilowe." Akaingia nayo nyuma ya pazia. Mimi nimeinamia simu naweka namba ya siri, nasubiri meseji ya pesa imekwenda. Hata dakika tatu hazikufika. Akatoka na boksi limezungushiwa seloteipu kama maiti. Boda anapiga honi nje. Nikabeba.

Nyumbani nawasha, nyekundu imepauka. Nikasema labda ni taa ya sebuleni. Nikarenda picha ile ile, nikapika chai, nikanywa, bado. Task Manager: kadi dhaifu, GTX 1650, GB 4. Nikaigeuza. Chini imeandikwa namba ya modeli, 15ACH6. Kwenye picha ya dukani: 15ACH6H. Umbo lile lile, kibodi ile ile, nembo ile ile. Herufi moja, jamani. H!

Asubuhi nikarudi. Kijana yupo, ananitazama kama hajawahi kuniona, na Kiswahili kimemwisha. Ni Kiganda kitupu, "nnyabo" (mama) hivi, "nnyabo" vile. Mara moja tu akarudi kwenye lugha yetu: "Ulitaka Legion, si umepewa Legion?" Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini wa risiti, kilichouzwa hakirudishwi. Risiti yenyewe imeandikwa "Lenovo Legion 5, moja". Basi. Nikaondoka natetemeka.

Kwa hiyo, mkienda: Legion 5 ya 3060 huja na chaja nzito ya wati 230 au 300. Chaja niliyopewa ni ya 170, na nilikuwa nimeibeba begani njia nzima! Risiti iandikwe namba ya modeli iliyo chini ya mashine, yote mpaka herufi ya mwisho. Na ikishapimwa isitoke machoni pako, hata mvua ya gharika inyeshe, bora ilowe. Duka lenyewe halina bango, ni meza ya kioo na pazia la bluu, orofa ya pili, kwenye akedi moja karibu na teksi paki ya zamani. Pazia hilo ndilo kiwanda.

Huyu mtu sitaki hata aombe msamaha. Namtaka gereza la Luzira, alale sakafuni, na ale maharage yenye mawe akihesabu herufi za alfabeti mpaka afike H. Shikamoo aliyompa mama yangu imrudie kooni. Mama mwenyewe sijamwambia, bado ananiuliza "yule kijana mzuri" hajambo?

Polisi nimeandikisha. Kesho saa nne asubuhi narudi pale na picha zangu mbili, ya stika ya dukani na ya hii niliyopewa. Nani ananisindikiza? Namhitaji mtu mmoja anayejua Kiganda cha kugombana.