Kangaga la kinamasi la kuotesha ndani: lipi ununue, lipi uache

Kangaga linaloota kinamasini si lazima lilowe maji muda wote likiwa chunguni. Kwenye chungu kidogo maji hutuama, udongo hushikamana, mizizi inakosa hewa na kuoza. Kwa hiyo mpangilio huu unaanza na lile linalomvumilia zaidi mtunzaji wa kawaida, si lile linalopendeza zaidi dukani.

1. Nephrolepis exaltata

Kama unanunua moja tu, nunua hili. Asili yake ni misitu yenye unyevu na vinamasi vya sehemu za joto za Amerika, na makuti yake, yaani majani yake marefu, huinama vizuri pembeni mwa chungu. Chagua la chungu cha sentimita 12 hadi 15. Makubwa ya kuning'iniza yamekuzwa kwenye banda lenye unyevu mwingi, na yakifika sebuleni humwaga vijani kila mahali kwa wiki kadhaa.

Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu mbili, mboji sehemu moja na mchanga wa chembe kubwa sehemu moja. Liweke karibu na dirisha lenye mwanga, lakini jua la mchana lisilipige. Nyuzijoto 18 hadi 24 zinalifaa. Sentimita moja ya juu ya udongo ikianza kukauka, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga maji yaliyotuama kwenye sahani iliyo chini ya chungu. Likiwa linakua, lipe mbolea ya maji mara moja kwa mwezi, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Ncha zikigeuka kahawia, chanzo mara nyingi ni hewa kavu au chumvi iliyojikusanya udongoni. Chumvi huondoka ukipitisha maji mengi ya mvua chunguni. Kunyunyizia majani ni kazi bure, maana unyevu wake hupotea baada ya dakika chache. Afadhali kukusanya mimea kadhaa pamoja.

2. Marsilea

Wengi hawaamini kuwa ni kangaga, kwa kuwa kila jani lina vijani vinne kama klova (mmea mdogo wa malisho) ya majani manne. Hili ndilo la kuweka majini: simamisha chungu kwenye bakuli lenye maji ya sentimita 3 hadi 5, dirishani penye jua. Shina lake hutambaa na kujaza chungu upesi, basi gawanya kwa kisu kila linapobana. Kwenye giza huwa jembamba na kulala.

3. Acrostichum aureum

Ni la pwani, huota kwenye mikoko na huvumilia maji ya chumvi kiasi. Sahani yenye maji haliogopi. Tatizo ni ukubwa: porini makuti hupita mita mbili, na hata chunguni linahitaji kona pana yenye mwanga mkali. Baridi chini ya nyuzi 10 hulidhuru.

4. Microsorum pteropus

Hili huishi hata ndani ya maji, basi mwenye tangi la samaki alipandishe hadi nafasi ya kwanza. Linaridhika na mwanga hafifu. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Ukifukia shina lake mchangani, litaoza. Vimea vinavyochipuka kwenye majani ya zamani ni miche ya bure.

Ya kuacha

Osmunda regalis na Thelypteris palustris huota hasa kwenye nchi zenye majira ya baridi. Hupukutisha makuti na kuhitaji miezi ya ubaridi ili kupumzika, jambo ambalo sebule yenye joto haiwezi kuyapa. Salvinia molesta inayoelea usiinunue kabisa: ikitupwa mtoni au ziwani hufunika maji yote, na nchi nyingi zimeipiga marufuku.

Kabla ya kulipa

Tafuta chipukizi lililojikunja katikati. Bila hilo, mmea umesimama kukua. Nusa udongo, maana harufu ya uozo haidanganyi. Geuza kuti: madoa ya kahawia yaliyojipanga kwa mistari ni spora, yaani chembe za kuzalia za kangaga, hayana neno, ila vigamba vilivyotawanyika ovyo na kuacha utomvu unaonata ni wadudu. Hapo rudisha chungu rafuni. Ukishanunua, tenga mmea na mingine kwa wiki mbili, wala usibadilishe udongo mara tu unapofika nyumbani.