Rekoda au ngoma kwa darasa la muziki lenye wanafunzi wa mahitaji maalum?

Walimu wengi wa Nairobi huanza na rekoda, ile filimbi ya matundu, maana mtaala wa umilisi unaitaja na inapatikana madukani mjini. Inafundisha pumzi na usomaji wa noti, na mtoto asiyeona huyapapasa matundu yake bila shida. Lakini matundu ni manane, saba mbele na moja nyuma, na moja lisipozibwa sawasawa sauti huharibika. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye vidole vyake hukakamaa, huishia kuwatazama wenzake. Hilo linaniuma sana.

Ngoma haibagui hivyo. Hupigwa kwa kiganja, kwa kiwiko, au kwa kijiti kilichofungwa mkononi kwa kitambaa. Mtoto kiziwi akiibana kwa magoti huhisi mtetemo mwilini. Evelyn Glennie wa Scotland, ambaye ni kiziwi, hupiga ngoma jukwaani bila viatu ili apokee mtetemo kwa nyayo. Mwalimu naye aongoze kwa mkono, si kwa mdomo pekee.

Kasoro ya ngoma ni kelele, hasa darasa likijaa. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji kelele hiyo ni mateso. Tandika kitambaa juu ya ngozi, mkalishe mtoto karibu na mlango, au mpe kayamba. Melodia, yaani tuni ya wimbo, pia ngoma haiifundishi vizuri.

Mimi ningeanza na ngoma muhula mzima, kisha rekoda iingie juu ya mapigo yale yale, bila kumwondoa yeyote kwenye ngoma yake.