Tawi moja la wote, au kila kazi na tawi lake?

Timu ya roboti ikishaweka msimbo wake kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, lazima iamue: wanafunzi wote waandike moja kwa moja kwenye tawi kuu, yaani nakala ya msimbo inayotumiwa na wote, au kila kazi iwe na tawi lake, nakala ya pembeni, na isomwe na mwanafunzi mwingine kabla ya kuunganishwa na tawi kuu?

Tawi moja ni jepesi. Mkiwa wawili watatu, na roboti bado haina hata mkono, linatosha. Shida huanza timu ikikua. Mmoja anabadilisha namba ya mota ya kushoto kutoka 3 hadi 5 kwa sababu nyaya zimehamishwa. Mwingine, bila habari, anarekebisha mstari uleule. Git inakataa kuunganisha mabadiliko yao, na usiku wa kuamkia mashindano si wakati wa kujifunza kutatua mgongano.

Matawi mengi yana mwendo wa polepole, sikatai. Lakini mwanafunzi mgeni hujifunza sana kazi yake inaposomwa. Alama moja tu ya kutoa ikisahauliwa, gurudumu la upande mmoja huzunguka kinyume na roboti hubaki ikijizungusha papo hapo. Jicho la pili huliona kosa hilo mapema, na tawi kuu hubaki zima.

Mimi nachagua matawi, hata kwa timu ya watu wanne, ila yasikae sana: tawi la siku mbili huunganika vizuri, la wiki tatu ni mateso. Uwanjani, kati ya mechi na mechi, fungueni tawi moja la mashindano, mrekebishe humo, kisha mliunganishe na tawi kuu siku hiyohiyo.