TAHADHARI: "Dawa ya Mjerumani" ya kutoa rangi kwenye alumini. Nimepigwa, msipigwe

Wadau, naandika hii vidole viwili vimefungwa bandeji na mke wangu hasemi na mimi. Nimeingizwa mjini. Mimi huyu huyu ninayewaelekezaga kila Jumamosi cheni ipi feki na ipi ya kweli. Chekeni kwanza, mkimaliza msome.

Nilikuwa nahangaika kutoa rangi ya zambarau kwenye vifaa vya alumini vya baiskeli yangu: krenki (mikono inayoshika pedeli), bomba la siti na stemu (kile kinachoshika usukani). Nilitaka vyote viwe fedha, viendane na fremu nyeupe kabla ya safari ya Bagamoyo.

Alhamisi, saa kumi jioni hivi, Kariakoo. Jamaa ana kimeza na mwavuli, amepanga boliti nyekundu, bluu, dhahabu. Kijana, ana adabu, kaniamkia shikamoo kabla sijafungua mdomo. Nikamtolea stemu. Akaigeuza, akauliza: "Mzee, hii ni rangi ya kupaka au ni anodaizi?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Kabla yake nilishauliza mafundi watano, wote jibu ni moja, tupige msasa. Huyu analijua neno! Akaniambia anodaizi haipakwi, ni gamba la alumini yenyewe linalooteshwa kwa umeme ndani ya asidi, rangi inanyonywa kwenye vitundu vyake, halafu vinazibwa kwa maji ya moto. Ndiyo maana tina haiitoi. Akachomoa mita ya umeme, akagusisha nyaya mbili kwenye zambarau: kimya. Akagusisha pale palipokwaruzika: piiii. "Unaona? Gamba halipitishi umeme." Na ni kweli, nimekuja kuhakikisha, yote hayo ni kweli tupu. Ndicho kinachoniuma. Mwizi kanifundisha somo sahihi, halafu kaniibia.

Akachukua boliti nyekundu kwa koleo, akaichovya kwenye glasi yenye kitu kama maji. Mapovu. Nikahesabu kwa saa yangu, hazikufika dakika tatu. Akaisuuza, akaifuta kwa kitambaa, akanipa mkononi. Nyeupe pee. Nyie mngefanyaje?

Chupa ya lita moja, elfu 45. Nikamwambia 30. "Mzee, hii Mjerumani, haishuki." Ikashuka hadi 40, nikajiona mjanja. Nikamtumia kwa simu, na ya kutolea juu yangu. Maelekezo: changanya na maji ya moto, loweka, funika, kalale. "Haigusi chuma, inakula rangi tu."

Nyumbani ndoo zote zina maji, mnajua mgao wa kwetu. Nikachukua sufuria ya pilau ya mke wangu. Ndiyo, ya alumini. Ndiyo, najua. Nilitaka kuiacha jikoni pembeni ya jiko la gesi, ila ule mvuke ulinikaba koo, nikaitoa barazani. Mungu alinipenda, kwa sababu yale mapovu ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Nikafunika, nikaweka na tofali juu. Usiku mzima nasikia chwaaa, kama mtu anakaanga vitumbua nje. Nikasema moyoni, dawa inafanya kazi hiyo.

Asubuhi sufuria imetoboka. Baraza jeusi. Krenki nyeusi kama mkaa. Nikaifuta, ule weusi ukatoka, chini yake vishimo vitupu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Tundu la mraba limetanuka, ukiivisha kwenye ekseli inacheza kama jino la mtoto. Nyuzi za pedeli zimelika, pedeli inaingia kwa vidole viwili bila spana. Bomba la siti limeandikwa milimita 27.2, nimepima kwa venia ya kazini (kile kipimo cha unene), 26.7, linazama lenyewe kwenye fremu. Kitu pekee kilichopona ni boliti za stemu nilizosahau kuzitoa, maana zile ni za chuma. Kwa hiyo jamaa hakudanganya, haikugusa chuma!

Aibu yenyewe ilikuja mchana. Shangazi, yule anayetengeneza sabuni, kapita kusalimia. Kaiangalia chupa, kauangalia unga mweupe uliogandia kwenye kifuniko, kaangalia vidole vyangu. "Baba, umelipa ngapi hii kostiki?" Kostiki soda, ile ile anayopikia sabuni. Sikujibu. Akanishika mkono hadi kwenye ndoo, akanimwagia maji dakika nyingi huku anasema na watoto wanasikia. Kwa hela ile, anasema, angepika sabuni ya mtaa mzima.

Nikampigia jamaa. "Mzee, umeiacha sana." Si uliniambia nikalale? "Nilimaanisha ulale kidogo." Akakata, na tangu hapo simu yangu haipokelewi. Jumamosi nimeenda, pale pana mtu anauza spika za masikioni, eti hamjui.

Huyu mtu akamatwe. Sitaki kusikia mambo ya "msamehe, ni kijana anatafuta". Kesho atamuuzia mtoto, mtoto ataifunga kwenye chupa kwa maji ya moto ipasuke usoni. Akipatikana nataka hela yangu, sufuria, na asimame mbele ya shangazi aeleze Ujerumani iko wapi.

Dalili za utapeli, kwa wanaouliza: chupa haina nembo, ina kibandiko cha kuchapishwa dukani. Boliti yake dakika tatu, yangu usiku kucha, sikujiuliza. Na hilo la "inakula rangi tu": lile gamba lenyewe ni unene wa sehemu ndogo ya milimita na limetokana na alumini ile ile, kostiki ikilimaliza inaendelea na kilicho chini. Wanaotumia kostiki wanakaa nayo macho dakika chache, glavu na miwani, ndoo ya plastiki, nje, na (shangazi huyo) kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Krenki na stemu mimi singegusa tena hata kwa dakika moja, hivyo vikikatika ni meno yako. Kuna nyingine nimesahau, nitaongeza.

Mwenye picha ya yule jamaa anitumie kwa faragha. Chupa ninayo, imebaki robo. Sufuria mpya nimenunua, haijapokelewa. Krenki iko kwenye rambo chini ya kitanda, sijaweza kuitupa.