Uzoefu wangu na padi ya PS5: imebeba walichobuni wapinzani, kasoro kimoja

Padi ya PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony), iitwayo DualSense, ndiyo ninayoishika jioni nyingi nikitoka kazini. Nimeichezea mpira, magari na vita vya kutosha kuwa na la kusema. Kwa mwenye haraka: ni padi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na sehemu kubwa ya uzuri huo ilianzia kwa washindani wa Sony. Silisemi hilo kwa kuibeza. Kuiga ni kazi, na kuna anayeiga vizuri na anayeiga hovyo. Sony wamekuwa wote wawili kwa nyakati tofauti.

Tuanze na vidole vinapotua. Batani nne za kulia zilizokaa kama almasi, pamoja na batani za juu za kushoto na kulia, zilikuja na Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1990. Sony hawakuziona dirishani tu, walikuwa ndani ya nyumba: mhandisi wao Ken Kutaragi ndiye aliyetengeneza chipu ya sauti ya mashine hiyo, na kampuni hizo mbili zilikuwa zikiandaa pamoja toleo la kutumia CD. Mwaka 1991, kwenye maonyesho ya CES kule Chicago, Sony walitangaza mradi huo, na kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanakwenda na Philips. Sony wakaaibishwa mbele ya watu. PlayStation iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 ni mtoto wa aibu ile, na ukiitazama padi yake ya kwanza unaona Super Famicom iliyoongezewa mikono miwili ya kushikia na batani mbili zaidi za juu. Mbunifu wake, Teiyu Goto, aliacha herufi akaweka maumbo. Duara lilikuwa ndiyo na msalaba ulikuwa hapana, ila wanunuzi wa Marekani na Ulaya wakapewa kinyume chake. Kwenye PS5 msalaba umekuwa ndiyo hata kwa Wajapani. Waliokulia kwenye gemu za mpira za Winning Eleven za Kijapani nawaona mpaka leo wakibonyeza duara kukubali, halafu wanashangaa menyu inarudi nyuma.

Kile kimsalaba cha kushoto nacho kina historia. Gunpei Yokoi wa Nintendo alikiweka mwaka 1982 kwenye kale kagemu ka mkononi ka Donkey Kong, na kampuni yake ikakikatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasikiige. Ndiyo maana kwenye padi za Sony unaona mishale minne iliyotengana, ingawa chini ya plastiki imeshikana. Hataza ile imekwisha zamani lakini umbo limebaki, na kwa gemu za kupigana mimi bado napenda msalaba kamili.

Kwenye analogi, vile vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, ndipo ninapowavulia kofia Sony. Nintendo 64 ilitoka Juni 1996 ikiwa na analogi moja katikati ya padi, na mwaka uliofuata wakaleta mtetemo kwa kifaa cha kuchomeka nyuma ya padi, chenye betri zake. Sony wakakaa na vitu vyote viwili wakatazama vimepungukiwa nini. Novemba 1997 DualShock ikaingia sokoni Japani: analogi mbili badala ya moja, mtetemo umo ndani kwa ndani, hakuna cha kuchomeka. Analogi moja ikutembeze, ya pili igeuze kamera. Leo mpangilio huo tunauona wa kawaida kiasi kwamba ukimpa kijana padi ya Nintendo 64 atakuuliza mkono wa tatu auweke wapi. Ilipofika 2001, Nintendo wenyewe walitoa GameCube yenye kijiti cha pili na mtetemo wa ndani. Aliyeigwa akawa anamwiga mwigaji.

Sasa uigaji wa hovyo. Septemba 2005 Nintendo walionyesha rimoti ya mashine yao mpya, Wii, ya kucheza kwa kupunga mkono. Mei 2006 Sony wakapanda jukwaani na padi ya PS3, Sixaxis, nayo inahisi mwinamo. Lakini mtetemo ulikuwa umeondolewa! Wakati huo walikuwa kwenye kesi ya hataza na kampuni ya Immersion, iliyowashtaki Sony na Microsoft kuhusu teknolojia ya mtetemo; Microsoft walikuwa wameshamalizana nayo zamani. Sony walipoyamaliza mwaka 2007, mtetemo ukarudi na DualShock 3. Kwa hiyo kwa muda fulani mtu aliyenunua PS3 alipewa wazo la mwenzao lisilokolea, akanyang'anywa la kwao lililokuwa limekolea. Wii ikauza mashine zaidi ya milioni 100. Mwaka 2010 Sony wakaleta Move na Microsoft wakaleta Kinect, vifaa vya kucheza kwa mwendo wa mwili, wote wakikimbilia sebule ileile. Kihisi cha mwinamo kimo hata kwenye DualSense. Mimi nakitumia kurekebisha shabaha kwenye gemu chache zinazoruhusu, basi.

Yanayofanya DualSense isifiwe ni mambo mawili: mtetemo wa kina na R2/L2, batani za kufyatulia za kulia na kushoto, zinazokaza. Hapa pia kulikuwa na waliotangulia. Padi ya Xbox One ya Microsoft, ya mwaka 2013, ilikuwa na vimota ndani ya batani zake za kufyatulia, na Nintendo Switch ya 2017 ilikuja na mtetemo mwembamba ambao uliweza kukufanya uhisi vigololi vikibingirika mkononi. Ila Sony walipofikisha jambo hili mwaka 2020, walilifikisha mbali. Badala ya mota zenye uzito unaozunguka, waliweka vitetemeshi vinavyofanya kazi kwa kanuni ya spika, na nyuma ya R2 na L2 wakaweka mota zinazoweza kusukumana na kidole chako. Fungua Astro's Playroom, gemu inayokuja ndani ya kila PS5, utembee kwenye mchanga kisha upande juu ya chuma. Viganja vyako vitajua tofauti hata ukifumba macho. Kwenye gemu ya magari ya Gran Turismo 7 ukikanyaga breki kupita kiasi, L2 inaanza kugongagonga kidoleni kukuambia kwamba matairi yanataka kujifunga. Mimi nilijifunza kupiga breki kwa hisia hiyo, si kwa kutazama skrini.

Kwenye mpira, sikuona faida. FIFA 21 ya PS5 iliweka ugumu wa R2 uongezeke mchezaji anapochoka. Wazo zuri kulisikia, ila dakika ya 80 umefungwa moja, kidole kinapambana na mashine na beki anakuja! Niliuzima ugumu huo na sijaurudisha.

Kuigana huku hakuendi upande mmoja. Batani ya kurekodi na kushirikisha video ilikuja na padi ya PS4 mwaka 2013, na Xbox Series ya 2020 ikaja na yake. Tundu la spika za masikioni lilikuwa kwenye padi ya PS4 tangu mwanzo, Xbox One wakalipata 2015. Kwa upande wa betri hawakuigana: Xbox wamebaki na betri za AA unazobadilisha mwenyewe, Sony wamefunga ya 1,560 mAh ndani, na mota zote hizo zinaila. Anayeishi kwenye umeme wa kukatikakatika alipime hilo kabla ya kununua.

Kile kimoja kilichokosekana ni analogi isiyochakaa. Analogi za DualSense, sawa na za padi nyingi sokoni, ni za potenshiometa: kijibati kinasugua utepe wa kaboni, na mashine inajua umesukuma kiasi gani kwa kupima umeme unaopita. Kinachosuguana kinalika. Siku moja unaacha kugusa na mchezaji anaendelea kutembea. Niliwahi kuwa na padi, ya kampuni ambayo nitaihifadhi jina, ambayo winga wangu alikuwa anakwenda kupiga kona hata kona yenyewe haijatolewa.

Na dawa ilikuwepo. Kampuni ya Sega, kwenye padi ya analogi ya mashine yao ya Saturn mwaka 1996 na ile ya Dreamcast mwaka 1998, walitumia sumaku na sensa zinazosoma nguvu yake bila kitu kusuguana na kingine. Sega waliacha kutengeneza mashine mwaka 2001, na urithi wao ukachukuliwa kwa wingi: ukiweka padi ya kwanza ya Xbox kando ya ile ya Dreamcast unaona undugu wa wazi, hadi nafasi mbili za kadi za kumbukumbu. Sumaku hazikuchukuliwa. Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa wateja waliosumbuliwa na analogi za Joy-Con, padi za Switch, zinazojiendea zenyewe, na miezi mitano baadaye PS5 ikatoka na potenshiometa zilezile. Nadhani sababu ni duka. Mtetemo mnunuzi anauonja kwa dakika moja akashawishika, lakini analogi isiyochakaa inajulikana mwaka wa tatu, hela ikiwa imeshalipwa zamani.

Jibu la Sony lilikuwa DualSense Edge ya Januari 2023, yenye batani za nyuma ambazo Microsoft waliziweka kwenye padi ya Elite tangu 2015. Kwenye Edge analogi ikilika unaichomoa yote na kuchomeka nyingine. Ilitoka kwa dola 199.99, na kila analogi ya akiba dola 19.99. Kwa bei hiyo, mimi nimebaki na ya kawaida.

Ukienda kununua Kariakoo au popote penye meza za vifaa vya simu, usidanganywe na boksi. Kopi za padi ya PS4 zimejaa, na za PS5 nazo zipo, kwa nje zinafanana sana. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye PS5, fungua Astro's Playroom, vuta R2 pale gemu inapotaka ikaze. Isipokaza, rudisha.

Na ikianza kujiendea yenyewe, usiitupe. Analogi za sumaku za kuweka badala ya zile za kiwandani zinauzwa, lakini zinahitaji kuchomelewa kwa risasi kwenye saketi, kisha padi ipimwe upya kwa programu ya kompyuta. Fundi wengi wa simu wanaweza kuchomelea. Kabla hujamwachia, muulize kama ana hiyo programu ya kupimia, kwa sababu bila kupima, katikati ya analogi haitakaa katikati, na utakuwa umelipa ili urudi kwenye tatizo lilelile.