Mafaili ya .bat kwenye steshenari: uzoefu wangu, amri kwa amri

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Kama una kompyuta ya Windows na kuna kazi unairudia ileile kila siku, CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) na mafaili yake ya .bat (maandishi yenye amri zinazofuatana, wengine huyaita skripti) ni zana ambayo tayari unayo. Haili bando, haihitaji kufungiwa programu yoyote, na kompyuta ya zamani inaimudu bila shida. Ila amri mbili tatu zilizomo humo zinaweza kukufutia kazi ya mwaka mzima bila hata kuuliza kama una uhakika. Naipa nyota nne kati ya tano.

Mimi nina steshenari Morogoro, jirani na chuo. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunapiga laminesheni, tunawasaidia wanafunzi kutuma maombi mtandaoni. Sikusomea mambo ya programu. Lile dirisha jeusi nililikimbia miaka, nikidhani ni la mafundi na wadukuzi, mpaka shida za printa ziliponisukuma nilifungue.

Na hapo kwenye printa ndipo lilipojilipia. Kila mwenye duka la kuchapa anaijua hii: foleni ya uchapishaji imekwama, kazi umeifuta lakini kwenye orodha bado inaonyesha inafutwa, na haifutiki. Unazima printa, unaiwasha, kazi ipo palepale. Wengi huishia kuzima kompyuta na kuiwasha upya, huku aliyekuja na ripoti yake ya kurasa themanini anaangalia saa. Sababu ni kwamba Windows huiandika kila kazi kama faili kwenye folda maalumu kabla ya kuipeleka kwenye printa, na kuna huduma inaitwa spooler inayosimamia folda hiyo. Ikiwa huduma inaendelea kulishikilia faili, halifutiki. Kwa hiyo unaisimamisha, unasafisha folda, unaiwasha tena:

@echo off
net stop spooler
del /f /q "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler
pause

Unaandika kwenye Notepad, unahifadhi kwa jina kama printa.bat (sehemu ya aina ya faili chagua mafaili yote, la sivyo litaishia kuitwa printa.bat.txt na halitafanya chochote), basi. Mstari wa kwanza unazuia amri zenyewe zisijiandike kwenye skrini. /q inasema usiniulize, /f inasema futa hata yale ya kusomwa tu. pause ya mwisho inaacha dirisha wazi ili usome kama kuna kilichogoma. Bila hiyo dirisha linajifunga kufumba na kufumbua, hujui kilichotokea. Kazi yote ni sekunde chache. Kumbuka tu inafuta kazi zote zilizo kwenye foleni, si ile iliyokwama peke yake, kwa hiyo mwenzako wa pembeni kama naye ametuma kitu, atatuma upya.

Faili hili lazima uliendeshe kama msimamizi, kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua Run as administrator. Na hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Ukiendesha faili la .bat kama msimamizi, CMD haianzii kwenye folda lilipo faili lako, inaanzia C:\Windows\System32. Sasa fikiria mtu aliyeandika del /q *.tmp au, Mungu apishe mbali, del /q *.* akidhani yuko kwenye folda yake ya muda. Dawa ni mstari mmoja wa kuweka juu kabisa:

cd /d "%~dp0"

Ile %~dp0 inaonekana kama kichefuchefu lakini maana yake ni rahisi: diski na folda lilipo faili hili lenyewe. /d inaruhusu kuhama hata kutoka diski moja kwenda nyingine, maana cd ya kawaida haivuki kutoka C kwenda D. Kwa mtu anayetembea na mafaili yake kwenye flashi, ambayo leo ni E na kesho ni G, mstari huu una thamani kuliko amri nyingine zote nilizozitaja.

Tukija kwenye flashi zenyewe. Karibu na chuo, flashi ya mwanafunzi imepita kwenye kompyuta za watu wengi kabla haijafika kwako, na inakuja na kile kirusi cha kugeuza folda kuwa shotikati. Mteja anakwambia kazi yake imepotea na uso umemwiva. Mara nyingi haijapotea. Kirusi kimeziwekea folda sifa ya kufichwa na sifa ya mfumo, kisha kimeweka shotikati zenye majina yaleyale. Amri ya attrib inaondoa sifa hizo. Nimeifungia kwenye faili ambalo hata kijana wa dukani asiyejua CMD analitumia:

@echo off
set /p h=Flashi iko herufi gani? 
if /i "%h%"=="C" goto mwisho
if not exist %h%:\ goto mwisho
attrib -h -r -s /s /d %h%:\*.*
del /q %h%:\*.lnk
:mwisho
pause

set /p inauliza na kusubiri jibu. if /i inalinganisha bila kujali herufi kubwa au ndogo, na hapo nimekataza kabisa herufi C, kwa sababu hutaki kuziondolea sifa za kufichwa folda za Windows yenyewe. Ujumbe na lebo za goto (amri ya kurukia mstari wenye lebo, kama :mwisho) unaandika kwa Kiswahili chako, CMD haina neno. Alama za kutoa zinaondoa (-h kufichwa, -r kusomwa tu, -s mfumo), /s inaingia folda za ndani, /d inagusa na folda zenyewe. Kuna aina nyingine ya kirusi inayohamishia mafaili yote kwenye folda isiyo na jina. Baada ya attrib nayo huonekana, unaifungua unakuta kila kitu. Lakini attrib haiponyi. Kirusi chenyewe kinabaki mpaka programu ya kuua virusi ikiondoe, na ndiyo maana flashi za wateja kwetu zinaingia kwenye kompyuta moja tu.

Amri ninayoiheshimu kuliko zote, na kuiogopa kuliko zote, ni robocopy. copy inanakili faili, xcopy inanakili folda, robocopy inafanya kazi ya mtu mzima. Imo ndani ya Windows tangu Vista. Uzuri wake kwa nchi ya umeme wa kukatika ni kwamba ukiirudia, inaruka mafaili ambayo tayari yako upande wa pili na hayajabadilika, ikaendelea na yaliyobaki. Nakala zangu za jioni ni hivi:

if not exist F:\hii-ni-nakala.txt goto mwisho
robocopy "D:\Kazi" "F:\Nakala" /E /R:2 /W:5 /LOG+:"F:\taarifa.txt"

Mstari wa kwanza ndio bima yangu. Diski ya nakala nimeiwekea faili dogo lenye jina hilo. Kama leo F ni flashi ya mteja, faili halipo, na skripti inaishia hapo bila kugusa kitu. /E inachukua folda zote hata tupu. /R na /W usizisahau: bila kuziandika, robocopy ikikuta faili lililofunguliwa sehemu nyingine itajaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio. Piga hesabu mwenyewe, ni siku zaidi ya 340 kwa faili moja la Word ambalo mtu kaliacha wazi. Sijui nani alikaa chini akaona hiyo ndiyo namba ya kawaida.

Halafu kuna /MIR, ambayo video nyingi za mafunzo zinaisifia. Inaufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake kilichofutwa huku kinafutwa na kule. Ukigeuza njia mbili (anwani ya folda ya chanzo na ya nakala) kwa bahati mbaya, diski tupu ikawa ndiyo chanzo, umesafisha kazi zako zote, na hazipiti kwenye pipa la taka. Kabla ya kuijaribu ongeza /L mwishoni: itaorodhesha itakachofanya bila kukifanya. Jambo jingine dogo: usimalizie njia kwa mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya kufunga nukuu, kama "D:\", kwa sababu robocopy inausoma kama sehemu ya nukuu na kuchanganya njia zote mbili. Na ikimaliza vizuri, namba ya matokeo inayorudisha si lazima iwe sifuri kama amri nyingine. 1 maana yake imenakili, na mpaka 7 bado ni salama. Kuanzia 8 ndipo kuna kilichoharibika. Mtu aliyezoea kuandika if errorlevel 1 (kama namba hiyo ni 1 au zaidi) atadhani kila nakala imefeli.

Baada ya hapo naweka shutdown /s /t 600 mstari wa mwisho, tunafunga duka, kompyuta inajizima yenyewe dakika kumi baadaye. Mteja wa usiku akitokea, shutdown /a inaghairi.

Nyota moja niliyoizuia inatokana na tarehe. Mtu anataka folda ya nakala iitwe kwa tarehe ya leo, jambo la kawaida kabisa. CMD ina %date%, lakini inachoandika kinafuata mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye kompyuta. Kwenye mashine yenye mpangilio wa Uingereza utapata 05/03/2024. Kwenye ya Marekani utapata siku ya wiki kwanza, kisha 03/05/2024. Skripti inayokata herufi kwa %date:~6,4% ili kupata mwaka inafanya kazi mashine moja na kuandika upuuzi kwenye nyingine. Kuna amri ya wmic iliyokuwa ikitumika kukwepa hili, nayo inaondolewa polepole kwenye Windows 11.

Sasa ongeza hesabu. set /a inaijua hesabu ya namba nzima, lakini namba inayoanza na sifuri inaisoma kwa mfumo wa nane, ambao hauna tarakimu 8 wala 9. Matokeo yake, skripti inayochukua mwezi na kuuongeza moja inakwenda vizuri Januari mpaka Julai, inagoma Agosti na Septemba, kisha Oktoba inapona yenyewe kama hakuna kilichotokea. Fundi anaweza kuitafuta hitilafu hiyo mpaka imalizike bila kuiona.

Mengine ni kero ndogo. Jina la folda lenye nafasi bila nukuu linakatika katikati. Kitanzi cha for (cha kurudia amri kwa kila faili) kinataka %f ukiandika moja kwa moja kwenye dirisha, lakini %%f ukiwa ndani ya faili. start inachukua nukuu ya kwanza kama kichwa cha dirisha, kwa hiyo lazima uweke nukuu tupu mbele, start "" "njia ya programu", vinginevyo inakufungulia dirisha jeusi jingine na kukuangalia. Ukiona skripti ya zamani imeandikwa ping 127.0.0.1 -n 6 >nul, usidhani inapima mtandao. Ni njia ya kusubiri sekunde tano, ya kabla amri ya timeout haijazoeleka. taskkill /f /im winword.exe inaua Word iliyoganda, na kila ambacho hakijahifadhiwa kinakwenda nayo, kwa hiyo muulize mteja kwanza.

Vijana wa IT huniambia niachane na haya nihamie PowerShell, zana mpya zaidi ya amri za Windows, iliyotoka 2006. Kwa tarehe wana haki kabisa, na kwa kazi nzito pia. Lakini kwenye Windows za kawaida za mezani PowerShell imezuiwa kuendesha skripti mpaka ubadilishe mpangilio, wakati faili la .bat unabofya mara mbili tu. copy, del na ren zinaandikwa vilevile tangu MS-DOS, mfumo wa kabla ya Windows, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na CMD ya leo ilianza na Windows NT mwaka 1993. Kwa mwenye duka, kitu kisichobadilikabadilika kina raha yake.

Faili la .bat likikujia kwa WhatsApp, usilibofye. Lifungue kwanza kwa Notepad; ni maandishi matupu, halijifichi. Ukiona format, rd /s /q au del /s (amri za kufuta) yenye njia usiyoitambua, lifute.

Majirani wenye steshenari wakiniomba, la printa na la flashi ninawapa bila masharti. La nakala siligawi. Ninakwenda nalo mwenyewe, ninaweka lile faili la alama kwenye diski yao, ninaliendesha kwa /L mbele yao, tunasoma orodha pamoja, ndipo naitoa /L.